Jinsi ya Kuzunguka Migori na Homa Bay na Kamera ya Milioni Moja

Vua kwanza hiyo fulana yenye mifuko kumi na minne. Upande huu wa Migori na Homa Bay, mtu mwenye mifuko mingi kiasi hicho hudhaniwa ni mpima mashamba au afisa aliyekuja kufunga machimbo, na atajibiwa kwa mkato kabla hajafungua mkoba. Vaa shati la kawaida, kofia ya kukinga jua na viatu visivyoogopa tope la ziwa. Kisha fungua ule mkanda wa shingoni ulioandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa kuliko jina lako kwenye kitambulisho, ufunge mkanda mweusi usio na maneno. Kamera uliyobeba inaweza kugharimu zaidi ya shilingi milioni moja kabla ya lenzi. Haihitaji mpiga debe.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyenunua, uliyekodi, uliyeazima au uliyekopa SACCO ili upate kamera ya midiamu fomati ya kidijitali. Nitakutania, maana watu wa kamera kubwa mnajulikana kwa kuzungumza habari za lenzi mpaka chai inapoa. Lakini kila ninachokuagiza nakuagiza kwa dhati. Nyanza Kusini ina mambo yanayostahili kamera hii kuliko harusi nyingi za hoteli za Nairobi, na mengi yanapita bila kupigwa picha ya maana.

Tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Enzi za filamu, midiamu fomati ilikuwa kamera ya filamu pana ya 120, ile iliyotoa picha 12 za mraba kwa mkanda mmoja. Hasselblad ya Sweden ndiyo iliyofika mwezini na Apollo 11 mwaka 1969. Siku hizi nafasi ya filamu imechukuliwa na kihisi. Mwaka 2016 Hasselblad ilitangaza X1D, kamera ya aina hii isiyo na kioo ndani, nyepesi ya kushikwa mkononi. Fujifilm ikafuata na GFX 50S mwaka 2017, na mwaka 2019 GFX 100 ikafikisha megapikseli 102. Kihisi cha kamera hizi kina upana wa milimita 43.8 na kimo cha milimita 32.9, kama mara 1.7 ya eneo la kihisi cha milimita 36 kwa 24 kilichomo ndani ya kamera nzuri za wapiga picha wa harusi. Phase One ya Denmark ina kikubwa zaidi, chenye megapikseli 150, na bei yake inafika bei ya nyumba. Kama unayo hiyo, unahitaji mlinzi kuliko mwongozo.

Ukubwa huo unakupa nini? Unakupa upole wa kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye kivuli, rangi za ngozi zisizokatika vipande vipande, na uwezo wa kuchapisha. Faili ya pikseli 11,648 kwa 8,736 inachapishwa kwa upana wa karibu mita moja, nukta 300 kwa inchi, bila kunyooshwa wala kudanganywa na programu. Hiyo ndiyo kazi yake. Mtu anayepiga kwa kamera hii halafu anaituma picha kwa WhatsApp na kuishia hapo amelipia lori ili abebe kiberiti. Simu yake ingetosha, na ingemwachia nauli.

Sasa kuhusu Ruma. Najua umeshapanga kwenda, kwa sababu mbuga ya Ruma iko Homa Bay na ndiyo makao ya mwisho ya swala wakubwa waitwao korongo hapa Kenya. Nenda. Lipa kiingilio, tazama, shangaa, mheshimu askari wa KWS. Ila usitarajie kamera yako iwakimbize korongo. Hasselblad X2D inapiga picha kama tatu kwa sekunde, na lenzi ndefu za mfumo huu ni chache na nzito. Utarudi na picha za ajabu za nyasi ambapo korongo alikuwa amesimama muda mfupi uliopita. Kwa wanyama wanaokimbia, azima kamera ndogo yenye kasi. Ukishindwa kuiacha kubwa hotelini, ielekeze kwenye Bonde la Lambwe lenyewe alfajiri, ukungu ukiwa bado chini na milima ya Gwassi ikijitokeza upande wa magharibi. Bonde halitoroki.

Tuje kwenye vifaa vya ziada, mahali ambapo pesa nyingi huteketea. Nimeona mikoba iliyojaa filta za aina saba na isiyo na kitambaa cha kufutia lenzi. Weka mambo sawa. Tripodi ni ya kwanza, na iwe nzito kiasi cha kukuudhi. Kwenye kihisi cha megapikseli 100, mtikisiko usioonekana kwenye kamera ya kawaida unaonekana waziwazi, hata kama kamera ina kifaa cha kutuliza mkono ndani yake. Kama huna tripodi, pandisha kasi ya shata: kwa lenzi ya milimita 80 usiende chini ya sehemu 1 ya 160 ya sekunde, na zaidi ikiwa umetoka kushuka kwenye boda boda na mikono bado inatetemeka. Ya pili ni kadi ya rangi, ile yenye vibati vya rangi vinavyojulikana vipimo. Nitakuonyesha kazi yake tukifika Mfangano. Ya tatu ni pampu ya mkono ya kupulizia vumbi. Ya nne ni vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, maana hewa ya ziwani ikikaa ndani ya mkoba uliofungwa wiki nzima huotesha ukungu ndani ya lenzi, na fundi wa kuifungua lenzi hiyo hayuko Mbita. Usiweke mchele badala ya silika. Mchele una vumbi lake, na isitoshe ni chakula.

Betri beba tatu. Moja hukupa takriban picha 400 ukiwa na bahati, umeme hukatika, na mwenye kibanda cha kuchaji simu sokoni hajui volti za chaja yako. Kamera za karibuni zinachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo pawabenki nzuri inakuokoa. Kadi za kumbukumbu nazo zinahitaji hesabu: faili ghafi isiyobanwa ni kama megabaiti 200, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 128 inaisha kwenye picha 600 hivi. X2D ina hifadhi ya terabaiti 1 ndani yake, jambo la raha, lakini hifadhi iliyo ndani ya kamera huibwa pamoja na kamera. Nakili kila usiku kwenye diski mbili, na diski hizo zisilale kwenye mkoba mmoja. Kuhusu programu, uliza kabla ya kulipia. Capture One husoma faili za Fujifilm, ila kwa miaka mingi haikusoma za Hasselblad X. Wenye Hasselblad wana Phocus, nayo ni ya bure. Usiyagundue hayo saa sita usiku Rongo ukiwa na mteja anayengoja kesho.

Adui mkuu wa kihisi huku ni vumbi la aina tatu. Kuna vumbi jekundu la barabara za ndani. Kuna majivu ya miwa ikichomwa kuzunguka Awendo, kwenye mashamba yanayolisha kiwanda cha sukari cha Sony, majivu meusi yanayoelea na kutua popote palipo peupe. Na kuna vumbi la mawe yanayosagwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, jembamba kama poda, linaloingia hata pale hewa isipopita. Uamuzi wangu ni huu: chagua lenzi moja asubuhi, ubaki nayo mpaka jioni. Milimita 63 au 80 itakufanyia karibu kila kitu. Ukilazimika kubadilisha, ingia ndani ya gari, funga madirisha, zima feni, elekeza mdomo wa kamera chini. Usiku kando ya ziwa usithubutu kabisa kubadilisha lenzi chini ya taa, kwa sababu wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga kwa maelfu watakukuta na kihisi kiko wazi.

Kituo cha kwanza kiwe Thimlich Ohinga. Kutoka mjini Migori ni kama kilomita 46 kuelekea kaskazini magharibi; ukitokea Homa Bay unapitia Rodi Kopany na Ndhiwa. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, katika kikao cha Manama, Bahrain. Ni maboma ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, yanayokadiriwa kujengwa karne ya 16, yenye kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene unaofika mita 3 mahali pengine. Boma kubwa linaitwa Kochieng. Milango ni mifupi, kila aingiaye huinama, awe gavana au mwanafunzi wa darasa la nne.

Hapa ndipo kamera yako inapoanza kulipa deni lake. Ukuta usio na saruji ni maelfu ya maamuzi: jiwe hili limeegemezwa wapi, lile dogo limechomekwa kuziba pengo gani, kiwiko hiki cha ukuta kinashikiliwa na nguzo ipi ya kuegemea. Picha ya simu inaonyesha ukuta. Faili ya megapikseli 100 iliyopigwa vizuri inaonyesha jinsi ukuta ulivyofikiriwa, na miaka thelathini baadaye mhifadhi anaweza kuilinganisha na ukuta ulivyo siku hiyo, jiwe kwa jiwe, akajua lipi limesogea. Makumbusho ya Taifa yanautunza mji huu wa mawe, na hakuna ukuta wa namna hii usioteleza kidogo kila msimu wa mvua, mizizi na mbuzi. Kumbukumbu safi ni dawa.

Kwa hiyo fika mapema. Jua letu la Ikweta linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na halina subira. Kufikia saa tatu limeshapanda, na mawe yote yanakuwa bapa kama yamechorwa. Unahitaji mwanga wa ubavuni, ule unaopiga ukuta kwa kuupapasa, ili kila jiwe litupe kivuli chake. Weka kamera sambamba na ukuta, tripodi chini, ISO ya chini kabisa, tundu la lenzi f/8 au f/11. Najua kidole kinawasha kufunga tundu hadi f/22 ukidhani utapata ukali zaidi. Acha. Pikseli za kihisi hiki ni ndogo, na mwanga unaobanwa kwenye tundu dogo hupinda na kusambaa. Ukivuka f/16 unaanza kuyeyusha maelezo uliyoyalipia milioni. Kama unataka jiwe la mbele na ukuta wa nyuma vyote viwe wazi, piga picha tatu nne ukisogeza fokasi kidogo kidogo, halafu uziunganishe kwenye kompyuta. Kamera za GFX za megapikseli 100 zina pia mtindo wa kupiga mfululizo na kuunda faili ya megapikseli 400. Unafanya kazi vizuri kwenye mawe, ila majani yakitikiswa na upepo hugeuka kuwa uji.

Na tafadhali, usipande ukuta. Kila mwezi kuna shujaa fulani wa kamera mahali fulani duniani anayepanda juu ya kitu cha miaka mia tano ili apate pembe nzuri. Ukuta huu haujashikwa na chochote isipokuwa uzito wake na akili ya walioujenga. Kama unahitaji kimo, beba ngazi fupi, iweke mbali na mawe, na mwombe ruhusa mtunzaji wa eneo. Mpe mkono, mwulize habari za nyumbani, msikilize anapoeleza boma lipi lilikuwa la ng'ombe na wapi walikaa watu. Anajua mwanga wa mahali pale kuliko kitabu chako cha maelekezo.

Kutoka hapo rudi barabara ya Mbita na uvuke kwenda Mfangano kwa boti. Boya la kuokolea maisha livae wewe, kamera iingie kwenye mfuko usiopitisha maji, na safari iwe ya asubuhi kabla upepo wa mchana haujaanza kuinua mawimbi. Kisiwani kuna michoro ya miambani, Mawanga na Kwitone, miduara ndani ya miduara na miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na wawindaji wa Kitwa walioishi hapa kabla ya Abasuba. Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoanzishwa mwaka 2000, ndiyo pa kuanzia. Chukua mwenyeji wa kukuongoza hapo, na umlipe sawasawa.

Mbele ya mchoro ndipo kadi ya rangi inapofanya kazi. Piga picha moja ikiwa na kadi kando ya mchoro, bila kuugusa mwamba, kisha piga zako bila kadi kwa mwanga uleule. Baadaye, kompyuta itajua wekundu ule ulikuwa wekundu gani hasa. Bila hivyo, kila mtu atauchora upya mchoro kwa rangi anayoipenda, na miaka kumi ijayo hakuna atakayejua kama rangi imefifia au mpiga picha alikuwa na furaha siku hiyo. Wataalamu wana programu iitwayo DStretch inayoibua rangi zilizofifia mpaka jicho lione yaliyokuwa yamepotea, na inafanya kazi vizuri zaidi ikilishwa faili yenye rangi za kutosha. TARA, shirika la Nairobi la sanaa ya miambani ya Afrika lililoanzishwa na David Coulson mwaka 1996, limefanya kazi ya namna hii bara zima, na kuanzia mwaka 2013 British Museum iliorodhesha na kuweka wazi maelfu ya picha zake. Wewe unaweza kuongeza kumi nzuri.

Kuna watu humwagia michoro maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Hapo sitanii hata kidogo. Maji hayo yanasafirisha chumvi za mwamba hadi juu ya rangi na kuifunika, na kila kikombe kinaondoa kitu kisichorudi. Ukimwona mpiga picha mwenzako ameshika chupa ya maji mbele ya mwamba, mpe kiu: mnyang'anye.

Sasa nifike kwenye matumizi ambayo hakuna tangazo lolote la kamera limewahi kuyataja, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko yote huku kwetu: picha ya ukoo kwenye mazishi. Mazishi ya Karachuonyo, Ndhiwa au Nyatike hukusanya watu wasiokutana tena kwa miaka. Aliyetoka Mombasa yupo, aliyetoka Minnesota yupo, wajukuu wasiojuana majina wamesimama mstari mmoja. Mpiga picha wa kukodiwa hupiga picha tatu za haraka na kuondoka, na baadaye jamaa wanapanua kwenye simu ili waone kama huyo kwenye kona ni shangazi au ni jirani.

Fanya hesabu nami. Panga watu 120 katika mistari minne, 30 kila mstari. Upana ni kama mita 15. Kwenye faili ya megapikseli 100, uso mmoja unapata takriban pikseli 115 kwa upana. Kwenye simu ya megapikseli 12 uso huohuo unapata kama 40. Huo wa kwanza unaweza kukatwa, kuchapishwa na kutambuliwa na mjukuu ambaye hajazaliwa. Huo wa pili ni madoa yenye kofia. Kamera ya fahari imegeuka daftari la ukoo, na hakuna aliyekuuzia aliyekuambia.

Lakini kuna kazi. Wazee waketi mstari wa mbele kwenye viti, na usiwaweke juani wakingoja ukicheza na vifaa. Jaribu kila kitu na vijana kwanza, kisha uwaite. Pinda mistari kidogo kama upinde ili walio pembeni wasiwe mbali na lenzi kuliko walio katikati. Rudi nyuma na utumie milimita 63 au 80. Lenzi pana huwanenepesha walio pembeni, na shangazi aliyenenepeshwa ana kumbukumbu ndefu. Lenga fokasi mstari wa pili, tundu f/11. Piga angalau kumi, kwa sababu katika watu 120 daima kuna mmoja anayefumba macho, na mara nyingi ni yule aliyelipia hema.

Hilo hema lina hila. Mahema ya kukodi yana vitambaa vya buluu, kijani na manjano, na watu waliopangwa chini yake hutoka na nyuso za rangi hizo. Hata kadi ya rangi haitakuokoa pale ambapo nusu ya ukoo ni ya kijani na nusu ni ya buluu. Watoe nje. Chini ya mwembe napo kuna madoa ya jua usoni. Mahali pazuri ni kivuli kipana cha nyumba, au uwanjani jua likiwa nyuma yao saa kumi na kitu jioni. Usinijie na flashi ndogo ukidhani itaangaza ukoo mzima mchana, haiwezi. Flashi ni ya mtu mmoja au familia ndogo, na hapo lenzi za Hasselblad zenye shata ndani yake zinakupa nafasi ya kuitumia hata kwa kasi ya sehemu 1 ya 2,000 ya sekunde, wakati shata ya Fujifilm GFX 100S inaishia kwenye 1 ya 125. Kwa mzee aliyevaa kofia pana saa saba mchana, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama macho yake yataonekana.

Na pima mwanga kwa ngozi yake. Kamera, hata ya milioni, ikiona shati jeupe au anga ya ziwa hutia picha nzima giza, na uso mweusi hugeuka kivuli. Anza na uso: hakikisha unang'aa inavyopaswa, halafu tazama kama shati limeungua. Kihisi hiki kina uwezo mkubwa wa kubeba vyote viwili, shati na uso, na nywele nyeupe za mzee juu ya paji jeusi. Ukimpiga mzee wa Kijaluo au mama wa Kikuria akatoka bila macho, kosa si la kamera.

Kuhusu ruhusa, nitasema kwa ufupi kwa sababu haina mjadala. Kwenye fukwe, anza na viongozi wa BMU, kamati ya kusimamia ufuo, kabla ya kuwapiga akina mama wanaoanika omena. Kwenye machimbo, anza na mwenye shimo, na akisema hapana, ni hapana. Watu wanaoteremka chini kwa kamba wana sababu zao. Salimia kwanza, hata kwa Kijaluo cha kuokoteza: "Oyawore, mama, naomba kukupiga picha, nitakuletea." Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa data yake binafsi, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza mgahawa mmoja wa Nairobi zaidi ya shilingi milioni 1.8 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Lakini usingoje sheria ikufundishe adabu.

Na hilo neno "nitakuletea" ndilo linalowatenganisha wapiga picha. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard alipita Uluoni akapiga picha za watu, nyumba na mapambo. Zikaenda Oxford, kwenye makumbusho ya Pitt Rivers. Ilichukua mpaka mwaka 2007 ndipo mtafiti Gilbert Oteyo, akishirikiana na Christopher Morton wa makumbusho hayo, akazileta nakala Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene. Miaka 71. Waliopigwa wengi walikuwa wameshazikwa. Wajukuu ndio waliosimama mbele ya nyuso zile. Evans-Pritchard hakuwa na barua pepe wala mashine ya kuchapisha ya Kisumu. Wewe unazo, na bado kuna diski ngapi Nairobi zilizojaa nyuso za Sori, Kendu Bay na Isebania ambazo wenyewe hawajaziona hata mara moja?

Basi nakuomba hivi. Kabla ya kununua lenzi nyingine, tenga pesa ya kuchapisha. Picha ya ukoo iwe ya upana wa mita moja, kwenye fremu yenye kioo, na karatasi ya majina ibandikwe nyuma, kuanzia mstari wa mbele, kushoto kwenda kulia. Za michoro zipeleke makumbusho ya Abasuba kwenye diski, faili ghafi pamoja na picha yenye kadi ya rangi. Za kuta mpe mtunzaji wa Thimlich, zikiwa na tarehe. Ya ukoo, panda nayo matatu mwenyewe, ukaikabidhi mkononi kwa wale wazee wa mstari wa mbele, mwaka huu.